Jumamosi Tengeru: Wewe, Mwenzako na Mafungu ya Mnavu

Mshahara unaingia, lakini ikifika tarehe 15 mnaanza kuangaliana. Mmeshaliongea usiku mara kibao: tulime kidogo, wikiendi tukauze. Kabla hamjakodi shamba, someni hapa kwanza. Wote wawili, tafadhali.

Hivi, mara ya mwisho wewe na mwenzako kukaa Jumamosi nzima pamoja, bila mmoja kukimbilia semina na mwingine kukimbilia kikao cha harusi, ilikuwa lini? Liweke jibu lako pembeni, tutalihitaji mbele kidogo.

Nauliza kwa sababu watu wakiongelea kuuza mazao sokoni wikiendi, wanaongelea mbegu na mbolea. Jamani, mbegu zipo madukani, na soko lilikuwepo hata kabla hatujazaliwa. Kinachowashinda vijana wengi wa ofisini ni Jumamosi yenyewe. Nani anaamka saa kumi alfajiri? Nani anakaa juani mpaka jioni? Na zile hela zikirudi nyumbani, zinaingia kwenye pochi ya nani? Wapenzi ambao hawajajibu maswali hayo huanza kwa mbwembwe na kumaliza kwa kununiana.

Tuchukue mfano wa Arusha. Ukitoka mjini kama unakwenda Moshi, kilomita kama 13 hivi, unafika Tengeru. Soko lake linachangamka siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Jumatano wewe uko kazini unaandika ripoti, kwa hiyo siku yako ni Jumamosi. (Mnaokaa upande wa Ngaramtoni, gulio lenu ni Alhamisi na Jumapili, na haya ninayosema yanawahusu vilevile.) Hapo utakuta ndizi za mshare, ngogwe, karoti, maharage, maparachichi, mitumba, vyungu, kuku waliofungwa miguu, na loshoro ya kupozea njaa. Wauzaji wengi ni kina mama, na wengi wao walirithi kazi kwa mama zao.

Hapo ndipo wasomi tunapojisahau. Udongo wa miteremko ya Mlima Meru ni wa volkano, mifereji ya maji ipo tangu enzi za mababu, na kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, TARI Tengeru, kiko palepale. Hata World Vegetable Center, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mboga, ina kituo chake Arusha tangu mwaka 1992. Yaani unaingia kwenye uwanja wa watu wanaojua mboga kuliko unavyojua kompyuta yako. Digrii yako ya uhasibu itakusaidia, lakini kwenye mkeka wewe ndiye mgeni.

NENDENI KWANZA KAMA WANUNUZI

Kabla ya jembe, toeni Jumamosi mbili za kuzurura tu sokoni. Mmoja afike saa kumi na mbili asubuhi wakati magari yanashusha mizigo, mwingine afike saa nane mchana. Jioni mkae mlinganishe. Bei ya asubuhi ilikuwa ngapi, ya mchana ngapi? Kitu gani kiliisha kabla ya saa nne? Kitu gani kilibaki kimelala kwenye gunia, kimenyauka, mwenye nacho anabembeleza wapita njia?

Angalieni pia nani ananunua. Mama ntilie ananunua mapema, kwa wingi, na hapendi maneno mengi. Familia zenye magari huja kwenye saa nne, zinachagua, zinauliza kama kimepigwa dawa. Wa jioni wanatafuta cha kumalizia siku kwa bei poa. Hao ni wateja wa aina tatu wenye bei tofauti, na huwezi kuwahudumia wote kwa mzigo mmoja wa mnavu. Chagueni mmoja. Kwa watu wenye kazi za ofisini mimi ningemlenga yule wa saa nne, maana anajali usafi na upangaji, na hayo mawili mnayaweza bila kuwa wakulima wa miaka 20.

Mjue na vipimo. Sado ni lile kopo la rangi la lita nne, jina lake lilitokana na rangi ya Sadolin. Juu yake kuna debe, na chini yake kuna fungu, ambalo halina kipimo zaidi ya jicho la muuzaji. Nunueni sado moja ya viazi au karoti, mkaipime nyumbani kwa kilo. Mtashangaa namna sado mbili kutoka kwa wauzaji wawili zinavyotofautiana, kutegemea kopo limebonyezwa wapi na limerundikwa kiasi gani. Mkiamua baadaye kuja na mizani, safi sana, ila ipelekeni kwanza Wakala wa Vipimo ihakikiwe, na huhakikiwa kila mwaka. Mizani isiyo na stika ni kesi inayokusubiri.

ANZA NA MAJANI, ACHANA NA NYANYA

Kila mtu ana rafiki aliyelima matikiti kwenye kompyuta. Eka moja mara miche kadhaa mara bei kadhaa, akafika kwenye mamilioni kabla hajanunua jembe. Kilichofuata huko shambani tunakijua. Sasa msirudie hesabu hiyo kwa nyanya.

Nyanya ni zao tamu lakini lina wivu, linataka kuangaliwa kila siku. Kuanzia kupandikiza mpaka kuvuna ni kama miezi miwili na nusu mpaka mitatu. Masika ukungu unalimaliza, na kiangazi kuna mdudu anayeitwa kantangaze, ambaye hapa nchini aligundulika mwaka 2014 hukuhuku wilayani Arumeru. Anachimba ndani ya majani na matunda, na aliwatia hasara wakulima waliozaliwa shambani. Wewe wa Jumamosi kwa Jumamosi utamuweza? Mkishapata uzoefu, haya, jaribuni. Kuna mbegu yenye jina la hapahapa, Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997 na kusifika kwa ngozi ngumu inayovumilia safari. Lakini si mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza ni wa majani. Mchicha uko tayari ndani ya wiki tatu au nne. Mnavu na sukuma wiki vinachukua muda zaidi, lakini ukishaanza kuchuma unarudia kuchuma. Hasara ikitokea ni ya wiki nne, sio ya msimu mzima, na mapenzi yanaweza kuvumilia hasara ya wiki nne. Na hamhitaji eka. Matuta kumi ya mita moja kwa kumi yanawatosha kuanzia. Siri iko kwenye kupanda kwa zamu: matuta mawili wiki hii, mawili wiki ijayo, ili kila Jumamosi kuwe na kitu cha kupeleka. Wengi wanapanda yote siku moja kwa furaha, wanavuna gunia sita Jumamosi moja, halafu wiki tatu zinazofuata hawana hata fungu. Mteja hakusubiri. Akikukosa mara mbili, keshahamia kwa mama wa mkeka wa pili.

Kabla ya kukodi, ulizeni maji. Swali sio “mfereji upo?” Swali ni “zamu ya shamba hili ni siku gani, saa ngapi?” Zamu ikiwa Jumanne saa saba mchana na ninyi wote mko ofisini, basi mnahitaji kibarua. Huyo mumlipe kwa wakati na mumheshimu, kwa sababu siku tano kati ya saba shamba ni lake kuliko lenu. Wanaoendesha kilimo kwa simu wanalimiwa kwa simu pia: “Mzee, mboga zimestawi sana!” Ukifika, nyasi.

Na dawa. Soma kibandiko, kina siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Ukipiga Alhamisi dawa inayodai siku saba, Jumamosi hiyo huna mzigo hata kama mnavu unang'aa. Wewe na watoto wako mngekula? Basi usimuuzie mwenzio.

Wapo wasiolima kabisa na wanauza vizuri tu. Mama mkwe ana migomba Poli, shangazi ana maparachichi Nkoaranga, wao wanachukua na kupeleka sokoni. Si vibaya hata kidogo. Ila mlipeni mama. Mikungu mitatu aliyokupa bure ni zawadi, usiiandike faida, na mwezi wa tatu ataanza kuuliza kwa upole kwa nini mwanawe haonekani nyumbani mpaka gunia liwe tupu.

MKEKANI

Majani yanapoteza maji haraka sana. Chuma Ijumaa jioni jua likishapungua, au Jumamosi alfajiri kabisa, yahifadhi kivulini chini ya gunia lenye unyevu, yaoshe kwa maji safi. Sio maji ya mtaroni, wateja wanaona! Funga mafungu kwa kamba za mgomba, yapendeza na ni bure. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo wakumbushe wateja waje na vikapu, au uwe na mifuko mbadala ya kuuza.

Usafiri usiupuuze. Guta au nafasi kwenye gari la mwenye mzigo mkubwa ni nafuu kuliko kukodi teksi kwa ajili ya gunia mbili. Mkiwa na kigari chenu, sawa, ila andikeni mafuta. Mafuta hayawi bure kwa sababu gari ni lenu. Kuhusu ushuru, tangu bajeti ya mwaka 2017/18 mzigo usiozidi tani moja ukivuka halmashauri moja kwenda nyingine haukatwi ushuru wa mazao. Lakini ushuru wa kukaa sokoni upo palepale, lipeni na mdai risiti.

Msifike na kutandika popote. Nafasi inayoonekana tupu ina mwenyewe, ameenda kunywa chai. Muoneni msimamizi wa soko, kisha wasalimieni majirani. Shikamoo zenu zitoke moyoni, sio ile ya kumkwepa mtu. Yule mama wa mkeka wa kulia ndiye atakayewaangalizia mzigo mkienda msalani, ndiye atakayewakopesha chenji, na ndiye atakayemwambia mteja “hao wana mnavu msafi” yeye akiishiwa. Ukianza kwa kushusha bei chini ya yake ili uuze haraka uwahi mechi, umemkosea mtu anayesomesha watoto kwa mkeka huo. Wewe una mshahara tarehe 25. Uzeni kwa bei ya soko, mshindane kwa usafi.

Halafu kuna nyongeza. Sista duu aliyezoea supamaketi haijui hii. Mteja akishalipa anasema, “Niongeze basi.” Hapo hakuombi msaada, anataka kujua kama wewe ni mtu. Kwa hiyo usitengeneze fungu kubwa mpaka ukakosa cha kuongeza. Toa machache kwenye fungu, yaweke pembeni, yawe ya nyongeza. Mteja anaondoka akitabasamu na hesabu yako haijaguswa.

Beba chenji. Sarafu za 100, 200 na 500, tangu Alhamisi zianze kukusanywa kwenye kopo. Lipa namba ya simu inasaidia, lakini angalieni imesajiliwa kwa jina la nani, na hapo ndipo tunaingia kwenye jambo lenyewe.

HELA YA NANI?

Tufanye hesabu ya kudhania. Tuseme jioni mmerudi na shilingi 60,000. Raha iliyoje! Mmoja anapendekeza nyama choma. Ngoja kwanza. Usafiri 8,000, ushuru 1,000, kibarua wa wiki 15,000, mbegu na samadi ya wiki tuseme 6,000, chai na chakula chenu sokoni 5,000. Jumla 35,000. Kilichobaki ni 25,000. Mlikuwa wawili, kila mmoja saa kumi, kuanzia kuchuma mpaka kufungasha. Saa 20 kwa 25,000 ni shilingi 1,250 kwa saa.

Sisemi ni ndogo wala kubwa. Nasema muijue. Kuna wanandoa wataiona, waseme sawa, hii ni ada ya mtoto na itakua. Wengine wataiona waseme bora tulale. Majibu yote mawili ni halali, ilimradi mmejibu pamoja.

Tabu inakuja pale wanapoanza wawili na kubaki mmoja. Wiki ya kwanza mume amebeba gunia, picha zimepigwa, zimetumwa kwa marafiki. Wiki ya nne ana kikao. Wiki ya sita “mpenzi, leo Simba na Yanga”. Mke anakwenda peke yake, anarudi amechoka, na jioni anaulizwa, “Tumepata ngapi?” Hiyo “tu” imetoka wapi? Geuza na upande wa pili, maana yapo pia: mume anashinda mkekani, mke anaona aibu wafanyakazi wenzake wakimkuta anauza mchicha, lakini hela ya saluni anaitoa kwenye kopo lilelile.

Aibu ni kitu cha kweli, tusijifanye. Bosi wako atapita. Rafiki uliyesoma naye chuo atapita na gari lake, atapunguza mwendo, atauliza kwa sauti, “Mambo yamekuwa magumu?” Muulize anataka sukuma wiki au mnavu. Lakini kama mwenzako anaona aibu, usimburuze mpaka mkekani. Kuna kazi za kutosha: kutunza daftari, kupokea oda, kuchuma Ijumaa, kukaa na watoto. Zote ni kazi.

Na sio mimi tu ninayesema ni kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja ndoa inapovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Kwa hiyo yule anayebaki nyumbani akiosha magunia na kulisha watoto ili wewe ukae sokoni hakai bure. Msisubiri hakimu awaambie. Na ninyi mnaoishi pamoja bila cheti, mkiweka akiba ya pamoja kununua pampu, andikeni kwenye karatasi nani kaweka ngapi. Mapenzi hayapungui kwa karatasi.

Ninavyoona mimi, hela ya soko isiguse mshahara na mshahara usiguse hela ya soko. Laini ya simu iwe ya biashara, namba ya siri mnaijua wote wawili. Daftari moja, la karatasi, linakaa mezani. Kila Jumamosi usiku, kabla ya kuoga au baada, mnaandika kilichoingia na kilichotoka, hata kama mnasinzia. Kisha mnagawa: ya kurudi shambani kwanza, akiba ya pili, na kinachobaki kila mmoja anachukua chake bila kuulizwa anakipeleka wapi. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau. Lakini mtu aliyeamka saa kumi alfajiri akaomba ruhusa ya kununua vocha, wiki ijayo haamki.

Sasa lile jibu uliloliweka pembeni. Kama Jumamosi ya pamoja mara ya mwisho ilikuwa miezi mitatu iliyopita, msiende sokoni kila wiki. Nendeni mara mbili kwa mwezi, mpande kwa ratiba hiyo, na wateja muwaambie tarehe. Jumamosi mbili zinazobaki ni zenu, bila gunia. Wapo wanaoniambia mkekani ndiko wanakoongea kuliko nyumbani, maana hakuna televisheni, na nawaamini. Lakini wapo pia ambao neno pekee walilosemezana toka alfajiri ni “lete chenji”.

Likiwanogea, mtaanza kutamani kusaga pilipili, kuweka kwenye chupa na kubandika lebo yenye majina yenu mawili. Inapendeza, ila hapo mmeshatoka kwenye mboga. Usalama wa chakula kilichosindikwa uko chini ya TBS tangu mwaka 2019, ulipotoka TFDA, na pa kuanzia kwa wajasiriamali wadogo ni ofisi ya SIDO ya mkoa. Msikimbilie huko mwaka wa kwanza, na mkopo wa mshahara kwa ajili ya matuta kumi ya mchicha ndiyo kabisa msiuguse.

Mzigo ukibaki saa kumi jioni, usiubebe nyumbani kwa hasira. Mtafuteni mama ntilie mmoja wa kudumu, mwenye kupika jioni, mumwachie kwa bei ya chini mliyokubaliana tangu asubuhi. Na oda za ofisini zichukuliwe Alhamisi, zipelekwe Ijumaa mchana zikiwa zimeshalipiwa. Hilo la kulipiwa shikeni sana. Wafanyakazi wenzetu wanapenda mboga fresh, na wanapenda zaidi kusema “nitakupa mwisho wa mwezi”.